Tisa Nukta Nane Moja

Mchana ninalipwa kuyaogopa maji.
Ofisini Middelburg, ghorofa ya tatu,
nazipanga chembe laki mbili mbele ya ukuta wa bahari
ambao haujajengwa,
naziachia,
naandika zimepanda mita ngapi.
Mkuu wangu, Bwana Wisse, hataki rangi.
"Kijivu kinatosha," husema. "Mafuriko si sherehe."

Usiku, nyumbani Zierikzee, programu ni ileile,
ila nafuta tarakimu tatu na nukta yake.
Uvutano: sifuri.
Basi maji yanabaki yameduwaa
kama mgeni aliyeambiwa karibu
na hakuna kiti.

Chembe haijui kitu ila jirani zake.
Huuliza: uko karibu kiasi gani? wakimbilia wapi?
Ikibanwa husukuma, ikiachwa hufuata.
Ndiyo elimu yake yote, na kwa hiyo
linazaliwa joka, inakunjuka shuka,
zinasokotwa nywele za mtu asiye na kichwa.
Mimi sichori. Nachokoza tu.
Naongeza mnato, zinakuwa asali;
naupunguza, zinatawanyika
kama wanafunzi kengele ya mwisho ikilia.
Za polepole nimezipa nili, za mbio nimezipa kutu.
Juzi nilikosea hesabu ya muda:
zote ziliruka nje ya skrini kwa mpigo mmoja,
feni ikapiga mayowe,
na taswira ile moja, kabla ya giza,
ndiyo bora niliyowahi kufanya.
Sikuifanya.

Mama hupanda na kahawa saa nne.
Neeltje, miaka themanini,
magoti yake humtangulia kulalamika kwenye ngazi.
Kwa kawaida husema "nzuri", akaenda zake.
Usiku huo alisimama.
"Hayaji hivyo," akasema.
"Yalipita kwanza chini ya mlango. Taratibu. Kama barua."

Tangu nizaliwe hajawahi kunisimulia
Februari ile ya hamsini na tatu.
Tuna picha moja ukutani; tulidhani inatosha.

Sikuuliza. Nilichora mlango,
ufa mwembamba chini yake,
nikayapitisha humo.
"Polepole zaidi." Nikapunguza.
"Sasa haraka."
Chumba kikajaa hadi ukingo wa skrini,
nili yote ikageuka kutu,
naye hakupepesa.

Maji yakimwagika hayazoleki:
hilo mtu wa kisiwa hiki hafundishwi.
Lakini mimi nina kitufe kinachoyazoa.
Nilikibonyeza kwa mazoea tu,
na chembe laki mbili zikarudi kinyumenyume
chini ya mlango, moja moja, mpaka ya mwisho,
sakafu ikakauka.
Kahawa ilikuwa imepoa mkononi mwake.
"Tena," akasema.
Mara kumi na moja. Nilihesabu, maana ndiyo kazi yangu.

Kisha: "Naweza kuipa moja rangi yangu?"
Nikamfungulia orodha.
Akachagua ya 117,032, bila sababu,
na njano ya koti la mvua la mtoto.
"Leendert," akasema,
wala hakuwa akisema nami.
Nikaufuta mlango, nikazifuta kuta.
Ikazunguka katikati ya wenzake,
ikipotea, ikitokea,
bila juu, bila chini,
bila mahali popote pa kuzama.

Picha hiyo imechapwa mita mbili kwa tatu,
imetundikwa maktabani.
Wengine husema moshi, wengine hariri,
mmoja aliapa ni nyonga ya farasi.
Mama huenda kila Jumanne,
husogea mpaka mlinzi akohoe,
huitazama kona ya chini kushoto, hurudi nyumbani.

Lakini asubuhi ile ya kwanza, kazini,
nilirudisha tisa nukta nane moja.
Maji yakakumbuka chini ni wapi.
Bwana Wisse akainama juu ya bega langu,
kijivu, kijivu, kijivu.
"Hiyo ya njano ni nini?"
"Kipimo," nikamwambia.